Mkanda wa Shingo ya Sheha

...na usinikunjie pua, wewe Nadhir, mwanamume mzima una mvi za ndevu na bado unamwona mama yako mzushi, ati "Mama bwana, paka gani huyo avuke wadi, aende Alaya, akarudi kabla ya magharibi," kisha unampiga jicho mkeo mcheke pamoja, mnadhani sioni, macho haya yamepasuliwa yote mawili na sasa naona mpaka vumbi la juu ya kabati lenu, naliona tangu Shaabani na nimenyamaza, basi na hili nalinyamazia vilevile, silisemi kwa mdomo maana sitaki kumpa mtu raha ya kunijibu, lakini nalijua, nimelijua kwa miguu yangu hii miwili na bakora, kwamba paka huyu aliyekaa mbele ya mlango katupa mgongo sisi sote kama karani wa mahakama saa ya chai, paka huyu Sheha, kila siku ya Mungu anatembea kutoka hapa Sufala mpaka Alaya, kwa njia yake, kwa saa yake, na anarudi, na hajapata kunisingizia kwamba amecheleweshwa na foleni ya magari... nilimfuata siku moja, mwezi wa kwanza, baridi ilikuwa nzuri, nikajisemea leo na nijue mtu huyu anakwenda wapi, akapanda ukuta wetu, akashukia upande wa mitende, akashika ukingo wa falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, bila kulowesha hata ukucha mmoja, mie nyuma nateleza na bakora yangu kama mlevi, akapita chini ya zile nyumba kongwe zilizobomoka, pale penye mbwa wawili wa mwenye matofali, na hakukimbia, alipanda juu ya jiwe akakaa akawatazama mpaka wakachoka kubweka wakalala, kisha akapita mbele ya pua zao taratibu, akavuka wadi, ule mto mkavu, juu ya changarawe kwa mwendo wa mtu anayekwenda kutia saini, na ile barabara, barabara ambayo mie nasimama pembeni mpaka mwenye gari anionee haya, yeye alisimama, akatazama huku, akatazama kule, akapita, na hakunisubiri hata mara moja, hakugeuka kuniangalia, na hilo ndilo lililonipendeza kuliko yote, maana nimechoka na watu wa kunishika kiwiko, na kule Alaya nikamkuta kakaa mbele ya duka la samaki, mikono kaikunja kifuani, analisubiri pikapu la Ashkhara, si la Sur, la Ashkhara, analijua kwa mngurumo, yalipita magari kumi hakuinua sikio, lilipokuja lenyewe akasimama kabla mie sijaona hata vumbi lake, na muuza samaki akamkatia ncha ya mkia wa jodari akamwambia marhaba ya sheikh, ati kule anaitwa Sheikh, sisi huku tumempa usheha wa mtaa tu, wenzetu wameshampandisha cheo... "Mama, unatusikia lakini?" Nawasikia, nawasikia wote, nasikia na lile friji lenu linavyokoroma, "nasikia," namwambia, "endelea na hutuba yako," na Jumana mkewe anacheka kwenye finjani ya kahawa, Jumana mtu wa Sur, mwalimu wa hesabu, Kiswahili chake kakichukua kwangu hapahapa jikoni na kakichukua nusunusu kama mtu anayechota maji kwa kikapu, lakini hodari, simkatai, ana moyo, juzi ndiye aliyeniletea habari kutoka kwa jirani yetu Hamed, alimsimamisha pale getini akamwambia dada, kuanzia kesho asubuhi naweka vizimba vya mitego juu ya dari na ukutani, paka wamenimalizia njiwa, hawa wasio na watu, basi mwambie bibi, paka wake amvalishe mkanda shingoni, nikimnasa mwenye mkanda nitamleta mlangoni kwenu mwenyewe, na asiye na mkanda nampeleka mbali, huko njia ya Al Kamil namwacha, na Hamed akisema mbali ni mbali, mtu huyo hana maneno ya kupamba, ndiyo maana Sheha kafungiwa humu siku ya pili leo, kaupa uso mlango, hali, halii, anasubiri tu kama alivyowasubiri wale mbwa, na ndiyo maana kwenye sinia hii, pembeni ya tende na dalla ya kahawa, kuna mikanda miwili, na mie ndiye naambiwa nichague sasa hivi, kabla jua halijashuka, maana mitego imeshawekwa tangu jana na siku ya tatu huyu hakai ndani.

Na wa kwanza niseme haki yake, nimekaa naugeuza mkononi tangu walipoanza kubishana, ni kazi, wallahi ni kazi, ngozi laini ya mbuzi imepigwa mafuta mpaka inang'aa, umeshonwa mshono wa mara mbili, sindano haikupotea njia hata pahala pamoja, na mie nimeshona kofia za viua miaka hamsini najua mkono unaotetemeka na mkono usiotetemeka, bizimu lake la chuma dogo kama ukucha wa mtoto, na ndani yake pamekatwa kijifuko cha kutia ile jipiesi, kile kidude cha kumwonyesha mtu kwenye simu mnyama wake yuko wapi, kaufanya Musabbah, rafiki yake Nadhir, mtu wa ngamia wa kule Bidiya, ngamia wake wanalala mchangani peke yao kila mmoja na mkanda wake na jipiesi yake, yeye yuko kwake anakunywa chai anawahesabu kwenye simu, nyekundu huyu, kijani yule, na hajapoteza ngamia tangu alipoanza, Nadhir alipomwambia habari ya paka wangu alicheka siku nzima, kisha akakaa akakata ngozi, usiku mmoja tu kaumaliza, kwa ajili ya paka wa mama wa rafiki yake, kuna watu wa namna hiyo bado, na Nadhir mwenyewe kaendesha mpaka huko kuufuata, kaja nao kauvingirisha kwenye kilemba kama dhahabu, "Mama, huu Musabbah anasema unaweza kumfunga fahali, hautoki," na mie nilipoushika tu roho yangu ilisema huu, moja kwa moja, huu, maana mie ni mtu wa vitu vilivyofanywa vikafanyika, na wa pili... wa pili ni huu wa buluu, utepe wa nailoni, bizimu la plastiki, mwepesi kama kitu cha kuchezea, Jumana anaushika kwa vidole viwili, "Mama, huyu mkanda mbaya, hii plastiki tu, saa moja hii imevunjika," na Nadhir, "umeununua wapi Mama, kwenye sabuni ya unga walikupa zawadi?" mnajua kunicheka, mmesoma, lakini hamkuwapo, wewe Nadhir hata ungetaka usingekuwapo, Soko la Jumatano ni la wanawake, mwanamume akikanyaga pale anatolewa kwa macho tu, na wewe Jumana ulikuwa skuli, basi hamkumwona yule binti, na mimi nimemwona.

Mayar jina lake, yule binti, nimelishika, ana meza moja ndogo amebanwa baina ya shangazi yake muuza bizari na mwanamke muuza ubani, anauza vitu vya paka peke yake, mie nilipita nikamdharau, nikasema Mungu wangu, dunia imefika hapa, kisha nikarudi kwa sababu alikuwa anamkatalia mteja, na mfanyabiashara anayekataa fulusi nasimama kumtazama, alikuwa anamwambia mwanamke mmoja, khala, ndivyo wanavyotuita sisi wakubwa, hiki kitufe cha kutafutia paka nisikuuzie, hiki kinafanya kazi kwa simu za wapita njia, kinampigia kelele mtu mwenye simu akipita karibu, mjini sawa, wewe paka wako anakwenda mitendeni, mitendeni nani anapita na simu, utakaa unatazama ramani inakwambia paka yuko pale alipokuwa jana, chukua fulusi zako, akamrudishia kiganjani, nikasema lo, huyu nani kamzaa, nikavuta kigoda nikakaa, nikamwambia shangazi yako akupe kahawa na mie unipe maneno, akaniuliza paka wako ana kilo ngapi, nitajuaje, mie namlisha simpimi, akasema rudi kampime, usije na makisio, nikarudi Jumatano ya pili na uzito wake kichwani, nilisimama juu ya mizani ya bafuni na Sheha kwapani, kisha bila yeye, kilo nne na nusu, na sisi wawili tulioneana haya, basi akachukua mizani ya bizari ya shangazi yake akanipimia jipiesi moja moja, hii nzito khala, hii kwake ni kama wewe utembee na jiwe la kusagia shingoni, hii hapa, ndogo, kama tende moja ya khalasi, gramu thelathini, ina laini yake ndani kama simu, hii ataibeba asijue, halafu ukifunga mkanda pitisha vidole viwili baina yake na shingo, viwili si vitatu, vitatu atatia mguu wa mbele ndani yake akwame, kimoja utamkaba, na huu wa mpira unaovutika usiutake kabisa, huo ndio wa kutia mguu, na utie njuga, ndege wasikie, nikamwambia binti wewe, mie nataka mkanda usiofunguka, nina mtembezi, akacheka, si kicheko cha dharau, akatwaa mfuko wa nailoni akatia chupa za maji, moja, ya pili, akautundika kwenye mkanda wa buluu, akaunyanyua, tak, bizimu likaachia, chupa zikaanguka chini mpaka muuza ubani akaruka, kilo mbili, akasema, chini ya uzito wa paka wako, huu nakuuzia, akachukua mwingine unafanana nao kama pacha, akatundika chupa mbili, tatu, nne, ukashika, haukuachia, akautupa ndani ya boksi chini ya meza, huu siuzi, nauliza kwa nini, huu ndio mzuri, akaniangalia, ana macho ya hudhurungi yule binti, yametulia kama ya mtu mzima, akasema khala, paka anapanda, na kitu kikimshika shingo juu ya mti hana mkono wa kujifungua... na mie nikaomba kahawa nyingine, nikalipa mkanda na ile jipiesi ndogo, nikaondoka, nikavitia kabatini na havikutoka mpaka zilipokuja habari za vizimba...

"Basi tujaribu, Mama, tujaribu," Nadhir anasema, tumeshajaribu, baada ya alasiri niliwaonyesha palepale kwenye kitasa cha mlango, nikatia tende ndani ya mfuko nikautundika kwenye mkanda, tak, zikamwagika zulia zima, na nyinyi mlifanya nini, mlipiga makofi, "umeona? umeona Mama? mbovu!" kitu kilekile kilichonipendeza sokoni, kwenu nyinyi ndio ushahidi wa ubovu, na Nadhir si mjinga, hilo ndilo linaloniumiza, ana hoja, anazihesabu kwa vidole sasa hivi, anasema sikiliza Mama, mkanda ukifunguka jipiesi inabaki mtendeni, paka anaendelea na safari zake shingo tupu, anaingia kwenye kizimba cha Hamed shingo tupu, Hamed anamtupa Al Kamil, na sisi tunatazama simu inatuambia yuko juu ya mtende, faida yake nini, na Jumana, "kweli Mama, hii maneno ya Nadhir mantiki," mantiki, ndiyo, sikatai, kwa ngamia ni mantiki tupu, ngamia akivua mkanda amepotea, ngamia hapandi mti... naona Nadhir kachoka kusubiri, kauchukua ule wa Musabbah kutoka mkononi mwangu, taratibu, ana adabu, anatambaa kwa magoti mpaka mlangoni, kama alivyokuwa akitambaa mdogo, na Sheha hakimbii, anamjua, anamnyoshea shingo kabisa, ngozi inazunguka, bizimu linaingia, tundu la tatu, Nadhir anasukuma vidole viwili ndani yake, hata hilo kalijua, "tazama Mama! Bwana harusi!" na ni kweli, hasha sisemi uongo, umemkaa, ile ngozi nyeusi juu ya manyoya yake ya kijivu, kifua kimejaa, amekuwa mnyama wa mtu mkubwa, mkanda haupigi huku wala kule, umemshika kama umezaliwa naye, umemshika... umemshika, na uzi wangu ulimshika Zabibu hivyohivyo.

Zabibu, paka wangu wa kabla ya huyu, alikuwa mdogo wa mwili, mwekundu, mpole, si msafiri kama huyu, safari yake mwisho mitende mitatu ya nyuma, na mimi nikamsukia mkanda, hakuna aliyeniambia, nilijifanyia mwenyewe kwa kiburi cha mikono yangu, nilitwaa uzi wa kofia mweupe, nyuzi tatu kwa tatu, nikausuka, nikaupaka nta, nikamfunga fundo letu lile la kumalizia kofia, fundo ambalo ukilivuta linakaza, nikasema huu hata mjukuu wake atauvaa, na asubuhi ya siku ya nne nikatoka kumwita, nikamwona mtendeni, si juu, ndio mwanzo wa mti, pale walipokata makuti vikabaki vigutu, mkanda umeingia kwenye kigutu kimoja na yeye alikuwa anashuka, sikuhitaji ngazi, nilimfikia kwa mkono, na mkanda haukukatika, haukulegea, haukunyooka hata uzi mmoja, na Mungu anisamehe, Mungu peke yake ndiye anajua hili, kabla sijamshika, kabla sijasema inna lillahi, nililitazama lile fundo na moyo wangu ukasema, kazi nzuri... nikalikata kwa mkasi wa kofia, nikamzika mwenyewe chini ya ndimu, uzi nikautia mfukoni nikauchoma, na Nadhir aliporudi kazini nikamwambia gari, neno moja tu, gari, basi, sikusema la nani, na Nadhir akatoka nje akaliona pikapu la Hamed liko pembeni ya ukuta wetu, akajiongezea mwenyewe yaliyobaki, akaenda kumgongea mlango na kumtuhumu, na mie nilikuwa dirishani, nilisikia kila neno, na nikabaki dirishani, na Hamed, hili ndilo, Hamed hakukasirika, jioni yake alikuja na mfuko wa ndimu za shamba lake, kasimama hapo mlangoni alipokaa Sheha sasa, hakuingia, macho chini, bibi, akasema, wallahi sikumwona, lakini kama ni mimi unisamehe, kama ni mimi, mtu huyo alikubali kosa ambalo hakulifanya kwa sababu bibi mtu mzima alikuwa amelia, nikazipokea ndimu, nikamwambia nimesamehe, nimesamehe! mie! nikazitia achari, tukala mwaka mzima, na wao wawili mpaka leo mwaka wa nne salamu yao ya msikitini tu, na ndiyo maana ujumbe wa vizimba Hamed kampa Jumana, hakumpa Nadhir, kachelea kugombana, mtu anayehofia njiwa wake na bado kafikiria shingo ya paka wangu, anitumie salamu, anipe muda, na akimnasa atamleta mkononi, na kuna watu nimewasifu maisha yangu yote kwa mambo madogo kuliko hayo, nimemsifu muuza samaki kwa ncha ya mkia.

"Vua," namwambia Nadhir, anageuka, "nini Mama?" nasema vua, uvue huo, "Mama, umempendeza, umeusifu mwenyewe kwa mdomo wako!" nimeusifu, nausifu mpaka sasa, mpigie Musabbah umwambie Bi Khole kasema mkono wako Mungu aubariki, na huu amvalishe mbuzi wake, si paka, "sababu basi, nipe sababu, si kutaka na kutotaka tu," na Jumana kaweka finjani chini sasa, hacheki tena, ananitazama usoni, wale wa hesabu wanaona mapema jibu linapokuwa halijaandikwa, nami nainuka, goti moja, la pili, Nadhir ananyosha mkono anishike kiwiko nampiga kofi la mkono, nakaa chini mbele ya Sheha, namfungua bizimu la chuma, vidole vyangu vinakataa, ukucha unakwama, lina ugumu wake, linanilazimisha nilisifu tena, linatoka, na Sheha hajasogea, ananitazama kwa yale macho ya kijani kama mtu aliyekuja ofisini akaambiwa arudi kesho na kesho ndiyo hii, namvalisha wa buluu, na jipiesi ya gramu thelathini upande, na njuga, njuga ni haki ya njiwa wa Hamed, Sheha itamuudhi, aanze kuzoea kuudhika, mie nimezoea, vidole viwili, vinapita, nguvu yake si kitu, naisikia kwenye ncha za vidole vile inavyotaka kufunguka, hili silifichi, naogopa, najua siku moja atarudi shingo tupu, mkanda umebaki juu ya mtende huko na simu inapiga kelele, nitamvalisha mwingine, na mwingine, Mayar ana boksi zima, lakini atakuwa amerudi... "Sawa Mama, sawa," Nadhir anasema, na sauti yake imekuwa tamu ghafla, tamu mno, "upendavyo wewe," na anauvingirisha ule wa ngozi tena ndani ya kilemba, polepole, na anamwangalia Jumana, jicho lilelile la mwanzo, na mie namjua mtoto huyu tangu akiwa kilo tatu na robo, namjua alivyokuwa akikubali kunywa dawa kisha akaitema nyuma ya kitanda, kesho alfajiri, mie niko kwenye swala, atamwita Sheha, Sheha atamnyoshea shingo, wa buluu utakwenda mfukoni na wa ngozi utakwenda shingoni, kwa nia njema, kwa mapenzi kabisa, kama mapenzi niliyomfanyia Zabibu, na nitakuja kumwona nikitoka kumwita, na ataniambia Mama, Musabbah kasema hata fahali... hapana, kumwamrisha hakutoshi, mtu huyu anataka sababu, na sababu ninayo moja tu, imekaa kinywani miaka minne kama kokwa ya tende uliyokosa pa kuitemea mbele ya wageni, na nilidhani nitaondoka nayo, nilidhani itafukiwa pamoja na mie, itakuwa haki yake, na sasa hata si ngumu, ni ajabu, ilikuwa ngumu mpaka nilipomwona Sheha kakaa hivi kaupa uso mlango, siku ya pili, hajaninung'unikia, hajanihesabia kosa, anataka kutoka tu, ana kazi zake, kuna pikapu linakuja kutoka Ashkhara na yeye anajua saa yake...

Nashika kitasa, Sheha kasimama, mkia juu, Nadhir anasema "Mama unakwenda wapi, jua bado kali," Jumana anasema "Mama?" kwa sauti ndogo, nafungua, hewa ya moto inaingia, Sheha anapita baina ya miguu yangu bila kuligusa buibui, njuga inalia, moja, mbili, anasimama kizingitini kuisikiliza, anachukia, anakwenda, haniangalii, nami natia mguu ndani ya kiatu, na wa pili, na sigeuki, nikigeuka nitamwona uso wake nitasema jambo jingine, naongea na ua, nasema, "Nadhir, Zabibu hakugongwa na gari. Zabibu alining'inia mtendeni kwa mkanda niliomsukia mimi kwa uzi wa kofia, haukukatika, nikakwambia gari, na wewe ukamwendea Hamed, na mimi nilikuwa dirishani," natafuta kitasa kwa mkono nyuma yangu, na nasema, "nakwenda kwake, ndimu zake nilizila, usinifuate," na Nadhir anasema "Ma—" na mimi naufunga mlango.